Ukoo Mzima Kilimanjaro: Mpango Unaoanzia kwa Bibi

Katika ukoo wetu hapa Tanga, safari ya Kilimanjaro imezungumzwa kwa miaka mingi kila ndugu wanapokutana kwenye harusi au hitima, ikapendwa na wote, kisha kila mtu akarudi kwake na jambo likalala. Mwaka huu halikulala, kwa sababu mara hii aliyelisema ni Bibi mwenyewe. Bibi amevuka miaka themanini, hutembea kwa mkongojo anapotoka nje, na alichosema ni kwamba anataka kukiona Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kwa mara nyingine kabla Mungu hajamchukua. Mjomba alipomwuliza kama ataweza kupanda mlima kwa umri huo, alimjibu kwa upole kwamba yeye hakutaja kupanda, ametaja kuona.

Jibu hilo ndilo lililoujenga mpango wote. Mipango mingi ya kwenda mlimani huanza na swali la kufika wapi: lango gani, kituo kipi, mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Swali hilo linawafaa vijana wa rika moja. Lakini gari moja linapobeba vizazi vinne, kuanzia kitukuu aliyeachishwa ziwa juzi hadi Bibi, swali la kufika wapi linawagawa watu mapema kuwa waliofika na walioshindwa, na sioni sababu ya kumsafirisha mzee kilomita zaidi ya mia tatu ili akahesabiwe miongoni mwa walioshindwa. Kwa hiyo nilianza kwa kumwuliza kila mmoja anataka kuona nini, na majibu yao nikayaandika kwenye daftari. Shangazi anataka kuona mashamba ya kahawa na migomba, na kulala mahali ambapo feni haihitajiki. Vijana wa sekondari wanataka kutembea msituni hadi miguu iwaume. Watoto wadogo wanataka mbega, wale wenye mkia mrefu mweupe kama usinga. Binamu yangu anayeishi Uingereza anataka wanawe, waliozaliwa huko, wauone mlima wanaoulizwa habari zake kila wanapotaja kwamba wazazi wao ni Watanzania.

Nilipoyasoma majibu hayo kwa utulivu niligundua kwamba hakuna hata mmoja aliyetaja kufika Uhuru, ncha ya juu kabisa ya Kibo, na mita zake 5,895. Jambo hilo lilinipunguzia kazi kubwa. Kilele kina masharti yake, gharama zake na siku zake, na watoto walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kukipanda. Sisi tungebaki sehemu ya chini ya hifadhi, upande wa Marangu, ambako mtu anaweza kuingia asubuhi na kutoka jioni.

Sasa kuhusu hilo la Bibi kukiona Kibo, panahitaji maelezo, kwa kuwa wengi wetu wa pwani hudhani kwamba kadiri mtu anavyousogelea mlima ndivyo anavyouona vizuri zaidi. Lango la Marangu lipo kati ya mita 1,800 na 1,900, ukingoni mwa msitu. Kutoka hapo njia hupita chini ya miti mirefu iliyofunikwa kuvu na ndevu za mwani wa miti, na msitu huo haumwachi msafiri mpaka anapokaribia vibanda vya Mandara, takriban mita 2,700. Katika mwendo huo wa kilomita karibu 8, mtu anaona majani, maji, nyani na kima, lakini Kibo hakionekani. Ni mpaka atoke Mandara na kupanda kidogo hadi ukingo wa kreta ya Maundi, shimo la volkano ya zamani, ndipo pande zote hufunguka, na hata hapo hutegemea mawingu yameamuaje siku hiyo.

Mawingu nayo yana utaratibu wake. Usiku hewa ya mlimani hupoa na kuteremka, na alfajiri mlima mara nyingi huwa wazi kabisa. Jua likishapanda, hewa yenye unyevu hupashwa joto na kukwea miteremko, inapoa huko juu na kugeuka mawingu, na kabla ya adhuhuri Kibo kinaweza kuwa kimejifunika chote. Jioni mara nyingine hufunuka tena. Kwa hiyo anayetaka kuuona mlima wote, kuanzia migomba hadi barafu, anapaswa kuwa mahali pa wazi chini yake, mapema, macho yakielekea kileleni. Mtu huyo ni Bibi, ambaye kila siku ameshaamka kwa sala ya alfajiri kabla ya sisi wengine kujigeuza kitandani. Katika ukoo mzima, atakayetembea hatua chache kuliko wote ndiye atakayekiona Kibo vizuri zaidi.

Ndiyo maana nilipowapigia simu wenye nyumba za wageni, sikuanza na bei. Niliuliza baraza linatazama upande gani, na kama kuna miti inayoziba. Niliuliza ngazi kutoka mahali gari linaposimama hadi mlango wa chumba cha chini, kama choo ni cha kukaa, kama maji ya moto yanapatikana alfajiri na si jioni tu, na kama jiko lao liko tayari kupika uji kabla ya saa kumi na mbili. Mmoja alinijibu kwamba hajawahi kuulizwa habari za ngazi, akashuka kwenda kuzihesabu huku simu ikiwa sikioni. Huyo ndiye tuliyempa kazi.

Bibi alikiona Kibo akiwa msichana, kupitia dirisha la treni iliyotoka Tanga kwenda Moshi, alipopelekwa kwa ndugu waliokuwa wakifanya kazi huko. Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893, na ilifika Moshi mwaka 1911, na kwa watu wa umri wake ndiyo iliyokuwa njia ya kwenda bara. Aliniuliza kama tunaweza kwenda kwa treni tena. Nililichunguza jambo hilo kwa dhati, lakini treni ya abiria iliyorejeshwa mwaka 2019 kati ya Dar es Salaam na Moshi haianzii hapa, nasi tungelazimika kwenda kuisubiri Korogwe tukiwa na watoto, mizigo na mzee. Nikamweleza, akaelewa. Nilimweleza pia jambo gumu zaidi: kwamba barafu aliyoiona wakati ule haipo yote, kwani tangu vipimo vya mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imeshatoweka, na pale alipokumbuka kofia nyeupe iliyojaa huenda akaona vipande. Niliona afadhali alisikie neno hilo nyumbani kuliko kukutana nalo kule. Akaniambia kwamba kama ndivyo, basi tusisogeze safari hadi mwaka mwingine.

Kupata tarehe kulitusumbua kuliko nilivyotarajia. Shule zetu hufungwa mwezi Juni na kufunguliwa mapema Julai, wakati shule za Uingereza huanza likizo yao ya kiangazi mwishoni mwa Julai. Maana yake ni kwamba watoto wa hapa wanapokuwa huru, wale wa Uingereza wako darasani, na wale wanapofunguliwa, hawa wamesharudi kwenye madawati. Masika haikufaa kwa namna yoyote, kwa sababu njia za msituni hugeuka utelezi. Hatimaye tulikubaliana na siku zinazoizunguka Nane Nane, ambayo ni sikukuu ya taifa, na wazazi wakaahidi kuwaombea watoto ruhusa shuleni kwa siku chache zinazobaki. Agosti ni kiangazi mlimani, ingawa baridi yake ni ya kweli.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiende Lushoto, ambako kutoka Mombo ni kilomita 33 tu za kupanda. Lushoto tunakujua na tunakupenda, lakini Kibo hakiko Lushoto. Hifadhi ya Arusha niliifikiria kwa uzito zaidi, maana gari linaweza kumfikisha mzee hadi ukingo wa kreta ya Ngurdoto na kwenye maziwa ya Momela bila yeye kushuka, na mbega wapo. Kwa ukoo wenye wazee wengi wasioweza kutembea, ningeichagua hiyo bila kusita.

Jambo lililochukua muda wangu mwingi ni afya, na hapa naomba msomaji anivumilie. Sisi tunaishi usawa wa bahari. Miili yetu imezoea hewa nzito, na mtu anaweza kuwa mzima kabisa Raskazone, ufukweni hapa Tanga, akaanza kuumwa kichwa Mandara bila kuwa na ugonjwa wowote. Katika mita 2,700 shinikizo la hewa ni karibu robo tatu tu ya lile la pwani, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa uwiano huo huo. Maradhi ya mwinuko huanza kuonekana kwa baadhi ya watu kuanzia mita 2,500 hivi: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula. Hayachagui nguvu, na mara nyingine kijana mwenye misuli huyapata kabla ya mama yake, kwa sababu ametembea haraka. Dawa yake kubwa ni kushuka. Nimewaeleza wote kwamba atakayesikia kichwa kinamuuma aseme hapo hapo, na kwamba hakuna atakayemcheka. Nimeongeza kwamba homa si dalili ya kuichukulia kuwa ni mlima tu. Mtu aliyetoka pwani akipata homa akiwa Marangu apimwe malaria, kwa kuwa anaweza kuwa ameondoka nayo nyumbani.

Bibi ana presha, na Ami ana kisukari. Wote wawili wamekwenda kwa madaktari wao mapema, si wiki ya safari, ili kama dawa ingehitaji kubadilishwa kuwe na nafasi ya kuizoea. Dawa zao zitakaa kwenye mkoba wa mkononi, katika mafungu mawili yaliyobebwa na watu wawili tofauti. Ami atabeba kipimo chake cha sukari ndani ya koti, karibu na mwili, kwa sababu vifaa hivyo na vijiti vyake havifanyi kazi vizuri vikipatwa na baridi, na kwa sababu kutembea kwa saa nyingi kunaweza kuishusha sukari ghafla. Tende na juisi zitakuwa mfukoni mwake, hata akikataa.

Lakini aliyenifanya niuandike mpango huu upya ni mtoto wa dada yangu, mwenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi duniani zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na familia nyingi za pwani zinaujua kwa majina ya watoto wao. Seli nyekundu za damu yake, zinapokosa oksijeni ya kutosha, hujikunja na kukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa na kifua huanza. Mwinuko hupunguza oksijeni, baridi huibana mishipa, na mtoto akitembea bila kunywa maji ya kutosha damu inakuwa nzito. Mambo yote matatu yapo mlimani, tena kwa wakati mmoja. Daktari wake alisema waziwazi kwamba asipande Mandara. Marangu kwenyewe anaweza kwenda, akivishwa vizuri, akinywa maji kila mara, na asiachwe alowe.

Dada yangu alipolisikia hilo alitaka kumwacha mtoto Tanga. Nilimwomba asifanye hivyo, na nilirudi kwenye daftari langu kuangalia mtoto huyo alisema anataka kuona nini. Alisema mbega. Mbega hawaishi kileleni. Wako katika msitu wa chini, na mara nyingi huonekana juu ya miti ya karibu na lango. Kwa hiyo yeye na Bibi watafikishwa langoni kwa gari, na atamwona mbega kabla ya kaka zake walioingia ndani. Kaka yake mkubwa amekubali kubaki naye sehemu ya siku, na hilo halikutoka kwangu, alilisema mwenyewe.

Hapo hapo langoni pana cha kuwaonyesha watoto watakaobaki. Kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Nimewaomba wazazi wawasimulie watoto mapema habari za Yohani Lauwo wa Marangu, ambaye wenyeji wanamkumbuka kama mwongozaji wa safari ile, na habari za Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha bendera na mwenge kileleni usiku wa Uhuru, Desemba 9, 1961. Watoto wa Uingereza hasa ningependa wafike pale wakiwa na majina hayo vichwani.

Kundi la Mandara litaingia asubuhi na mapema likiwa na mwongozaji aliyesajiliwa, kwani bila yeye hakuna anayeruhusiwa njiani. Kupanda huchukua saa tatu hadi nne, na kushuka hupungua kiasi. Tumewekeana saa ya kurudi: ikifika saa saba mchana, popote walipo, wanageuka, hata kama vibanda vinaonekana mbele yao. Mjomba, atakayeliongoza kundi hilo, amekubali sharti hilo mbele ya wote, na vijana wamelisikia. Atakayekwenda polepole kuliko wote atakaa mbele, na hakuna atakayempita.

Barabara yenyewe haina shida kubwa. Ni kilomita 350 hivi, Tanga hadi Segera, Korogwe, Mombo, Same na Mwanga, kisha Himo na kukata kulia kwenda Marangu. Tutaondoka baada ya alfajiri kwa Coaster ya kukodi, tutasimama Mombo kwa chai na Same kwa chakula na sala, ambayo msafiri ameruhusiwa kuipunguza na kuikusanya. Bibi atakaa kiti cha nyuma ya dereva, upande wa dirisha, na gari litasimama kila baada ya saa moja na nusu ili anyooshe miguu, kwa sababu mzee akikaa bila kuinuka muda mrefu, miguu huvimba na damu inaweza kuganda.

Mavazi nimeyasisitiza mpaka watu wakachoka kunisikia. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, ambayo ina maana kwamba Mandara ni baridi kuliko Tanga kwa nyuzi kama 16 katika saa ile ile. Sweta na makoti tunayapata kwenye mitumba ya Ngamiani kwa bei ya kawaida, maana huku hayana wanunuzi wengi. Kilichonishughulisha ni dira, zile nguo pana na ndefu za kike. Dada zetu wengi walipanga kutembea na dira zao za pamba, na nikawaomba wafanye jaribio: wailoweshe pindo la dira kwenye ndoo, kisha wapande nalo ngazi za nyumbani. Pindo la pamba hunywa maji, huzidi uzito, hushika matope, na katika njia yenye mizizi mtu hulikanyaga kwa mguu wa nyuma wakati anainua wa mbele. Baada ya jaribio hilo fundi alikata magauni ya kitambaa chepesi kisichoshika maji, yanayoishia juu ya kifundo cha mguu, ya kuvaliwa juu ya suruali na soksi za sufu. Stara haikupungua, na hatua zimekuwa huru.

Vyakula vya njiani tutafunga wenyewe: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, kashata. Maji yatabebwa kwenye chupa za kudumu, kwa sababu zile za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini.

Kuhusu fedha, tumekubaliana kila nyumba ichangie kwa uwezo wake, si kwa idadi ya vichwa, na Shangazi ndiye mweka hazina. Ada ya hifadhi kwa Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni ndogo sana kuliko ya mgeni, na watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi, lakini ni lazima kila mtu mzima awe na kitambulisho cha taifa mkononi. Binamu yangu na wanawe wana pasi za Uingereza, na kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, watalipa kama wageni. Niliona nimwambie mapema kwa simu, sisi wawili tu, ili asilijue hilo dirishani mbele ya watoto wake. Alilipokea vizuri, akasema sehemu ya fedha hiyo alikwisha kuiweka.

Lililobaki lilikuwa ni nani atakaa chini na Bibi na mtoto siku ya matembezi, akiwa na gari, simu yenye chaji na namba ya hospitali ya karibu. Watu waliangaliana, kwa kuwa kila mwenye miguu mizima anataka kuiona Mandara. Nimeamua nitabaki mimi. Mpango ninaujua kuliko wengine, dawa za kila mmoja ninazijua, na kama kundi la juu likipata dharura, anayepaswa kuipokea simu ni mtu asiyehitaji kuelezwa chochote. Ijumaa hii baada ya sala tunakutana kwa Bibi kugawana sweta, kukamilisha michango na kumpa mwenye Coaster malipo yake ya awali, akishatuonyesha kwanza matairi na mikanda ya viti.